Bei ya Dawa za Wazee: Tuanzie Dirisha la Zahanati

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mtaalamu mstaafu wa dawa mbele ya wakazi waliokusanyika kuadhimisha Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba. Tumeihariri kidogo tu.



Nimepewa dakika ishirini na nitajaribu kuziheshimu, ingawa mzee akishika kipaza sauti huwa ni kazi kumnyang'anya.

Wengi wenu mnanijua kwa mikono kuliko kwa uso. Kwa miaka 31 nilikaa nyuma ya dirisha la dawa, na lile dirisha letu la zamani lilikuwa dogo na liko chini, mgonjwa haoni ila vidole vinavyosukuma pakiti. Nilitoa dawa, nikaeleza, "Moja asubuhi, moja jioni, baada ya chakula," nikaita jina linalofuata. Kisha nikastaafu. Mwaka uliofuata nikapimwa presha, ikapatikana iko juu, nami nikahamia upande wa pili wa dirisha. Huku nimejifunza mambo ambayo ile miaka 31 haikunifunza.

Nina risiti mbili hapa mfukoni. Zote ni zangu, na zote ni za dawa ile ile ya mwezi mmoja: amlodipini ya miligramu 5, vidonge 30. Ya kwanza ni shilingi 1,950. Ya pili ni shilingi 240. Maduka yenyewe hayako mbali. Ukitoka la kwanza unavuka barabara, unapita stendi ya matatu, umefika la pili. Aliyeniuzia kwa 1,950 hakuniibia. Kliniki iliyonitibu siku ile iliandika jina la chapa, naye akanipa kilichoandikwa. Na mimi, mtu wa dawa, nililipa nikaondoka, kwa sababu kichwa kilikuwa kinauma na mgonjwa hana nguvu ya kubishana dukani.

Sasa chukueni hiyo 1,950 muiweke kando ya pesa za Inua Jamii. Mwenzetu aliyefikisha miaka 70 na kusajiliwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Akinunua dawa kama nilivyonunua mimi, inabaki shilingi 50. Hiyo ni nauli ya boda ya kwenda, ya kurudi atatembea. Na mwenye presha mara nyingi ana sukari pia, au ana macho yanayotiwa matone kila siku. Hajala bado.

Jambo hili si la mtu mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu. Umri ukisonga, uwezekano nao unapanda. Hapa uwanjani, nikiwaomba wanaomeza dawa ya presha wainue mikono, sijui ni nani atabaki ameshikilia mkongojo wake.

Nianze na majina. Kila dawa ina jina lake yenyewe, na juu yake kuna jina la biashara ambalo kampuni imeipa. Ni kama unga wa ugali: mahindi ni yale yale, lakini rafuni kuna pakiti nyingi, kila moja na jina lake na bei yake. Kwenye kasha la dawa jina la biashara huandikwa kubwa, na jina la dawa huandikwa dogo chini yake. Hilo dogo ndilo la maana. Dawa inayotengenezwa na kampuni nyingine baada ya haki za mvumbuzi kwisha huitwa jeneriki, na ndiyo niliyonunua kwa shilingi 240. Presha yangu imeshuka kwa hiyo ya 240, na haijajua tofauti.

Najua kuna anayejiambia kwamba cha rahisi ni cha bandia. Hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu dawa bandia zipo. Lakini bei haikuonyeshi. Anayeghushi hupenda kughushi chapa inayouzwa ghali, ndipo faida ilipo. Tazama ukutani: duka la dawa lazima liwe na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, tena ya mwaka huu. Tazama tarehe ya mwisho ya kutumia. Muulize mtaalamu aliyeko dukani kama kuna jeneriki ya dawa uliyoandikiwa. Ukiwa bado kwa daktari, mwambie, kwa adabu, "Daktari, niandikie jina la dawa, nami nitatafuta ninayoimudu." Hatakasirika. Na kama dawa unayotumia unataka kuibadilisha kwa aina nyingine kabisa, hapo usijiamulie, rudi kwake.

Mwenye kuvumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Wakati huo hupanga bei anavyotaka. Dawa nyingi za kawaida za wazee zilishatoka huko kitambo. Hataza ya amlodipini ilikwisha Marekani mwaka 2007. Metfomini, dawa ya sukari ambayo nusu ya mliokaa hapa mnaijua kwa ukubwa wa kidonge chake, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1957, Kenya haijapata uhuru. Mtu akikuambia dawa hiyo ni ghali kwa sababu ya utafiti, mwambie utafiti huo una umri wa kupata kitambulisho na kustaafu ikiwa ingekuwa ni Mkenya.

Nataja hataza kwa sababu nchi hii imewahi kupigana nazo, na nilikuwa dirishani wakati huo. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Watu walikuja na karatasi ya dawa, wakaitazama, wakaikunja, wakaenda nyumbani kufa. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba inaweza kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo, baada ya wagonjwa, madaktari na mashirika kushinikiza, Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuagiza jeneriki kutoka nje. Vita havikuishia hapo. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya 2008 iliandikwa kwa namna ambayo jeneriki halali zingeweza kuchukuliwa kuwa ghushi. Wakenya watatu walioishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba haki ya uhai, utu na afya inabeba ndani yake haki ya kupata dawa muhimu kwa bei ambayo mtu anaimudu. Watatu hao walikuwa wagonjwa, walichoka foleni kama sisi. Leo dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa hiyo bei ya dawa inaweza kusukumwa, nimeiona ikisukumwa. Sisi kazi yetu ni nyepesi kuliko yao. Hatuna hataza ya kupigana nayo. Dawa zetu tayari ni rahisi huko zinakonunuliwa kwa wingi. Zinakuwa ghali zikishafika kwetu, na mahali penyewe nitawaonyesha: ni pale rafu ya zahanati inapokuwa tupu.

Maana ukikosa dawa zahanati unakwenda dukani, na dukani hakuna bei iliyopangwa na serikali. Mwagizaji anaongeza chake, wa jumla anaongeza chake, wa rejareja ana kodi ya nyumba, ana leseni, ana mfanyakazi, naye anaongeza. Siwalaumu, wengine nimewafundisha kazi mwenyewe. Lakini mzee akiwa hana pengine pa kwenda, duka halina sababu ya kushusha bei. Rafu ya serikali ikijaa, hata duka la ng'ambo ya barabara linaanza kufikiria.

Na rafu ni ya nani? Mpangilio wa Nne wa Katiba umeweka vituo vya afya na famasia za kaunti mikononi mwa kaunti. Swali la rafu halihitaji tupande basi kwenda Nairobi. Mheshimiwa Waziri yuko hapa, na namshukuru kwa sababu aliniuliza nitasema nini, nikamwambia, na bado hakunifuta kwenye ratiba.

Nilipoanza kazi, dawa zilikuja zahanati ndani ya sanduku lililofungwa kutoka makao makuu. Ulilipokea ulivyoletewa. Ndani mlikuwa na dawa za malaria, za minyoo, za kuhara, za vidonda. Dawa za magonjwa ya muda mrefu za wazee zilikuwa mambo ya hospitali kubwa. Baadaye utaratibu ukageuka: sasa kituo chenyewe huagiza kinachohitaji, kaunti inalipa, na KEMSA inaleta. Malipo yakichelewa, dawa nazo zinachelewa, na sote tumesoma magazetini kuhusu madeni ya kaunti huko KEMSA. Ada nazo zimebadilika. Kuna waliokuwa wakilipa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya, utaratibu wa mwaka 2004, kisha mwaka 2013 hata hizo zikaondolewa. Chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu 1 Oktoba 2024, mgonjwa aliyejisajili hatakiwi kulipa zahanati wala kituo cha afya, kuna hazina ya huduma za msingi inayolipa. Na tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wana vifaa vya kupima presha na sukari hadi mlangoni mwako. Ni jambo zuri mno. Ila nimesikia mama mmoja akimwambia mhudumu wake, "Mwanangu, umenipa habari, sasa nipe dawa."

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili ndilo sikulijua vizuri hadi nilipovuka dirisha.

Kituo huagiza dawa kulingana na zilizotumika. Mwenye dirisha anafungua daftari, anaona amlodipini ilitolewa kwa watu 14, anaagiza ya watu 14. Sasa wewe uliyekwenda mara mbili ukaambiwa "imeisha," mara ya tatu hukwenda. Ulikwenda moja kwa moja dukani. Daftari halikukuona. Kwa daftari, wewe huna presha. Robo mwaka inayofuata wanaagiza ya watu 9, inaisha mapema zaidi, na wengine wanakata tamaa. Hivyo ndivyo kijiji chenye wagonjwa mia kinavyoagiziwa dawa za watu tisa, na hakuna aliyefanya kosa ambalo mkaguzi angeliona. Mimi nilijaza madaftari hayo kwa miaka mingi. Niliandika nilichotoa. Nilichokosa kutoa sikukiandika.

Nina jirani, fundi cherehani, alinishonea suti ya harusi. Alikwenda zahanati, hakuna dawa. Akarudi baada ya wiki mbili, hakuna. Akaanza kununua dukani. Akiwa na pesa alinunua za mwezi, akiwa hana alinunua vidonge kumi. Kisha akaanza kuvikata, nusu leo, nusu kesho, halafu akawa anameza siku anayohisi kichwa kizito. Presha haina tabia ya kukuambia iko juu. Asubuhi moja mkewe akanipigia kelele juu ya ua. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa ni kiharusi. Upande wa kushoto haufanyi kazi mpaka leo. Cherehani iko pale, imefunikwa kitambaa. Tulipokuwa tukitafuta kadi yake ya kliniki, tulikuta mkebe wa majani ya chai, ndani mna nusunusu za vidonge alizozikata kwa wembe wa kazi, zimepangwa safi kabisa kama vifungo. Nilikuwa nikisalimiana naye kila jioni. Sikuwahi kumuuliza anameza vipi.

Kuna atakayesema kaunti haina pesa. Ni kweli hazitoshi, hazijawahi kutosha. Lakini hesabuni kitanda alicholalia, ambulensi ya rufaa, miezi ya mazoezi ya viungo, na binti aliyeacha kibanda chake cha mboga ili amlishe baba. Halafu hesabuni vidonge vya shilingi 240, ambavyo serikali ikinunua kwa jumla haivinunui kwa bei hiyo.

Wengine wameshajaribu. Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, walianzisha mpango wa afya ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na wazee wa zaidi ya miaka 65 wakaingizwa bila kulipa. Huko Eldoret, mpango wa AMPATH ulisaidia kuanzisha famasia za hazina ya mzunguko: kituo hupewa akiba ya kwanza ya dawa, zile za serikali zikiisha mgonjwa anauziwa kutoka akiba hiyo kwa bei ya chini, na pesa zinarudi kununua nyingine. Nauli ya kwenda mjini imeokolewa, na rafu haikai tupu. Siku hizi tuna Sheria ya mwaka 2023 inayoruhusu vituo kubaki na mapato yao badala ya kuyapeleka hazina ya kaunti. Kwa maoni yangu pesa hizo zinaweza kuanzisha akiba kama hiyo hapa kwetu, na ningependa kamati za usimamizi wa vituo ziulizwe.

Sasa tuombe nini, na wapi?

Kwanza, hata ukijua dawa haipo, pitia zahanati. Nenda na kadi yako, uliza, na ukiambiwa hakuna, omba iandikwe kwamba uliomba ukakosa. Nimezungumza na wenzangu walioko kazini, wamekubali kuweka daftari la pili la wanaokosa. Najua ninawaomba mtembee bure. Ninaomba hivyo, kwa sababu bila majina hayo agizo litaendelea kuwa la watu tisa.

Halafu bajeti. Kufikia tarehe 28 Februari serikali ya kaunti lazima iwe imewasilisha kwenye bunge la kaunti waraka wa mwelekeo wa fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Kabla ya hapo kunakuwa na vikao vya maoni ya umma, vinatangazwa misikitini, makanisani, na kwa chifu. Vijana huja kuomba uwanja wa mpira, na wanaupata kwa sababu wamekuja. Sisi tuje tuombe fungu linaloonekana kwa jina lake, la dawa za presha na sukari katika zahanati na vituo vya afya, si fungu kubwa la "dawa" ambalo hospitali ya rufaa inalimaliza. Tuombe pia mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa safari moja. Wanaotumia dawa za virusi wamefanyiwa hivyo kwa miaka, hakuna ajabu yoyote.

Vikao vikipita bila sisi kusikika, Ibara ya 37 ya Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti zinaturuhusu kupeleka ombi bungeni kwa Karani. Linaandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, hakuna haja ya wakili. Na ukitaka kujua zahanati yako iliagiza nini na ililetewa nini, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: andika barua, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ibara ya 57 inasema wazee watapata matunzo na msaada kutoka kwa familia na kwa serikali. Familia zetu nimeziona zikijitahidi.

Mheshimiwa, umenipungia mkono, naona. Nimalizie na la leo. Pale chini ya mwembe kuna meza na mabinti wawili wa afya ya jamii. Mwenye risiti ya dawa ya miezi mitatu iliyopita aipeleke, wanaiandika jina la dawa, bei, na kama aliikosa zahanati kabla ya kununua, kisha anarudishiwa risiti yake. Asiye na risiti aeleze kwa mdomo. Tutazipeleka zote kwenye kikao cha bajeti. Na anayekata vidonge nyumbani, asione haya, aje aniambie mimi, nitakuwa kwenye kiti cha pembeni mpaka gari la mwisho.